Wanafunzi wa Visiwa vya Pasifiki Wanaopambana na Mabadiliko ya Tabianchi

Wanafunzi wa Visiwa vya Pasifiki Wanaopambana na Mabadiliko ya Tabianchi (kifupi: PISFCC) ni shirika la vijana lililoanzishwa mwaka 2019 na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika kampasi yake ya Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu. Linajulikana hasa kwa kampeni iliyoanza kama zoezi la darasani na kufika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Den Haag, Uholanzi. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyo ilitoa maoni ya ushauri yanayosema kwamba kila nchi ina wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa fidia.

Kampeni hiyo hutajwa mara nyingi kama mfano wa namna wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyoweza kushiriki katika kutafuta suluhisho la mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia taaluma wanayosomea, mbali na maandamano na upandaji wa miti ambazo ndizo njia zilizozoeleka zaidi.

Usuli

Nchi za visiwa vya Bahari ya Pasifiki kwa pamoja hutoa chini ya asilimia 1 ya gesijoto zote zinazotolewa duniani, lakini ni kati ya nchi zinazoathirika mapema na vibaya zaidi. Nyingi zina ardhi ndogo, na sehemu kubwa ya watu wake wanaishi karibu na ufuo. Nchi kama Tuvalu, Kiribati na Visiwa vya Marshall zimejengeka hasa juu ya visiwa vya matumbawe vyenye kimo cha mita chache tu kutoka usawa wa bahari. Bahari inapopanda, maji ya chumvi huingia katika visima na mashamba hata kabla ya nchi kavu yenyewe kufunikwa.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliolinganisha picha za zamani na za sasa za Visiwa vya Solomon. Walibaini kwamba visiwa vidogo vitano vilivyokuwa na mimea vilikuwa vimetoweka kabisa tangu mwaka 1947, na vingine sita vilikuwa vimeliwa vibaya na bahari. Nchini Fiji, wakazi wa kijiji cha Vunidogoloa walihamishwa mwaka 2014 kwenda sehemu ya juu kwa sababu ya mafuriko ya bahari yaliyokuwa yakijirudia.

Vanuatu, yenye visiwa zaidi ya 80 na watu wapatao 300,000, iko katika ukanda wa vimbunga. Mwezi Machi 2015 Kimbunga Pam kilipiga nchi hiyo kikiwa cha daraja la 5, yaani daraja la juu kabisa. Hasara yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya pato la taifa la mwaka mzima. Mwezi Aprili 2020 Kimbunga Harold, nacho cha daraja la 5, kilibomoa nyumba na mashamba katika visiwa vya kaskazini. Hivyo kwa wanafunzi waliosoma Port Vila katika miaka hiyo, mabadiliko ya tabianchi yalikuwa jambo walilolijua nyumbani kabla ya kulisoma chuoni.

Chuo na darasa

Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kilianzishwa mwaka 1968 na kinamilikiwa kwa pamoja na nchi na maeneo 12 ya visiwa: Fiji, Kiribati, Nauru, Niue, Samoa, Tokelau, Tonga, Tuvalu, Vanuatu, Visiwa vya Cook, Visiwa vya Marshall na Visiwa vya Solomon. Makao makuu yako Suva, Fiji, lakini masomo ya sheria yana makao yake katika kampasi ya Emalus, Port Vila. Kwa sababu hiyo, darasa moja la sheria huko hukusanya vijana wa mataifa mengi ya visiwa. Wanafunzi 27 walioanzisha PISFCC walitoka katika nchi nane.

Mwaka 2019 wanafunzi hao walikuwa wakisoma somo la sheria ya kimataifa ya mazingira chini ya mhadhiri Justin Rose. Walipewa kazi ya kutafuta njia kabambe zaidi ya kisheria ambayo nchi za Pasifiki zingeweza kuitumia dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Walipima njia mbalimbali na kuangalia ni ipi inayowezekana, nani ana haki ya kuitumia, na ingeleta nini. Iliyowavutia zaidi ilikuwa kuomba maoni ya ushauri kutoka Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Somo lilipokwisha, hawakuliacha wazo hilo kwenye karatasi za zoezi. Waliunda shirika, wakagawana kazi, na kuanza kuziandikia barua serikali za nchi za Pasifiki. Miongoni mwa waliolisemea shirika hadharani ni Solomon Yeo na Cynthia Houniuhi, wote wa Visiwa vya Solomon, na baadaye Vishal Prasad wa Fiji. Houniuhi alikuwa rais wa shirika wakati shauri liliposikilizwa Den Haag.

Kwa nini Mahakama ya Kimataifa ya Haki

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ni chombo kikuu cha mahakama cha Umoja wa Mataifa na ina majaji 15. Inafanya kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kuamua mashauri kati ya nchi na nchi, pale ambapo nchi zote mbili zimekubali mamlaka yake. Ya pili ni kutoa maoni ya ushauri juu ya swali la kisheria inaloulizwa na chombo cha Umoja wa Mataifa chenye ruhusa ya kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ilikuwa ngumu kwa nchi za visiwa. Nchi kadhaa zinazotoa gesijoto kwa wingi hazijakubali kushtakiwa mbele ya mahakama hiyo. Isitoshe, nchi ndogo inayoishtaki nchi kubwa inaweza kuhatarisha misaada na biashara yake. Katika maoni ya ushauri hakuna mdai wala mdaiwa. Mahakama hueleza sheria inasema nini, na maelezo hayo yanazihusu nchi zote.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 2011 Palau, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, ilitangaza nia ya kuomba maoni ya aina hiyo, lakini haikupata uungaji mkono wa kutosha na jitihada zake zikaishia njiani. Mfano wa kufaulu ulikuwepo pia: mwaka 1996 mahakama ilitoa maoni ya ushauri kuhusu silaha za nyuklia, baada ya kampeni ndefu ya vikundi vya raia kulifikisha swali hilo katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Tatizo kubwa la wanafunzi lilikuwa kwamba wao wenyewe hawakuwa na haki ya kuiuliza mahakama chochote. Mtu binafsi, shirika la kiraia, wala hata serikali ya nchi moja haiwezi kuomba maoni ya ushauri. Ilibidi nchi moja ikubali kulibeba swali hilo, kisha ipate wingi wa kura katika Baraza Kuu lenye nchi wanachama 193.

Kutafuta nchi ya kulibeba swali

Nchi iliyokubali ni Vanuatu, ambako wanafunzi walikuwa wakisomea. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Ralph Regenvanu, aliwapokea na kulipeleka pendekezo lao mbele. Mwezi Agosti 2019 suala hilo lilifika katika mkutano wa viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki uliofanyika Tuvalu. Viongozi walilitambua pendekezo hilo, ingawa hawakujifunga kulitekeleza.

Mwaka uliofuata janga la UVIKO-19 lilifunga mipaka ya nchi nyingi za Pasifiki. Kampeni ilihamia kwenye mikutano ya mtandaoni. Jambo hilo lilikuwa na faida yake pia, kwa kuwa vijana waliokuwa mbali na Port Vila waliweza kushiriki. Mwaka 2020 liliundwa kundi la pili, Vijana wa Dunia kwa Haki ya Tabianchi, lililowakusanya wanafunzi na wanasheria vijana wa Afrika, Asia, Amerika na Ulaya. Kazi yao ilikuwa kuzishawishi serikali za nchi zao wenyewe, maana wanafunzi wa Vanuatu wasingeweza kubisha hodi katika kila wizara ya mambo ya nje duniani.

Mwezi Septemba 2021 serikali ya Vanuatu, chini ya Waziri Mkuu Bob Loughman, ilitangaza rasmi kwamba italipeleka swali hilo Umoja wa Mataifa. Iliajiri kampuni ya mawakili ya Blue Ocean Law ya Guam, inayoongozwa na Julian Aguon. Katika timu hiyo alikuwemo pia Margaretha Wewerinke-Singh, mwanasheria aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Mwezi Julai 2022 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki waliokutana Suva waliiunga mkono hatua ya Vanuatu.

Azimio la Baraza Kuu

Maneno ya swali yaliandaliwa na kundi la nchi 18 zilizoongozwa na Vanuatu. Kundi hilo lilichanganya mabara: lilikuwa na nchi tajiri kama Ujerumani, Ureno na New Zealand, nchi za Asia kama Bangladesh na Vietnam, na nchi za Afrika zikiwemo Angola, Moroko, Msumbiji, Sierra Leone na Uganda. Uchaguzi wa maneno ulikuwa na uzito mkubwa. Swali kali mno lingezikimbiza nchi nyingi, na swali laini mno lingeleta jibu lisilo na maana.

Swali lililokubaliwa lilikuwa na sehemu mbili:

1. Nchi zina wajibu gani chini ya sheria ya kimataifa wa kulinda mfumo wa tabianchi dhidi ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, kwa ajili ya nchi nyingine na kwa ajili ya vizazi vya sasa na vijavyo?
2. Kuna matokeo gani ya kisheria kwa nchi ambazo, kwa kutenda au kwa kutotenda, zimesababisha madhara makubwa kwa mfumo wa tabianchi, hasa kuhusiana na nchi za visiwa vidogo zinazoendelea na kuhusiana na watu wa vizazi vya sasa na vijavyo?

Sehemu ya pili ndiyo iliyogusa suala la fidia, jambo ambalo kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa zikilikwepa katika mazungumzo ya tabianchi.

Mwanzoni mwa Machi 2023, wiki chache kabla ya azimio kufika mezani, vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya siku chache. Tarehe 29 Machi 2023 Waziri Mkuu Ishmael Kalsakau aliliwasilisha azimio hilo mjini New York. Lilikuwa limedhaminiwa na nchi zaidi ya 130. Marekani na China hazikuwa miongoni mwa wadhamini, lakini hakuna nchi iliyotaka kura ipigwe. Azimio namba 77/276 likapita kwa kauli moja.

Shauri mbele ya mahakama

Baada ya azimio, nchi na mashirika ya kimataifa yalialikwa kuwasilisha hoja kwa maandishi. Mahakama ilipokea taarifa 91 katika awamu ya kwanza na majibu 62 katika awamu ya pili. Kisha kuanzia tarehe 2 hadi 13 Desemba 2024 ulifanyika usikilizaji wa ana kwa ana. Nchi 96 na mashirika 11 yalizungumza, idadi ambayo mahakama haikuwahi kuiona katika historia yake.

Vanuatu ndiyo iliyofungua usikilizaji ikiwa pamoja na nchi jirani za Melanesia. Miongoni mwa waliozungumza siku ya kwanza alikuwa Cynthia Houniuhi, akiwa amevaa pambo la kichwani la jadi. Ralph Regenvanu, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe maalumu wa Vanuatu kuhusu tabianchi, naye alihutubia.

Hoja ziligawanyika katika pande mbili kuu. Nchi zinazotoa gesijoto kwa wingi, zikiwemo China, Marekani na Saudia, zilisema kwamba wajibu wa nchi unapatikana katika mikataba ya tabianchi, hasa Mkataba wa Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 na Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015. Kwa mtazamo huo, kutafuta wajibu mwingine nje ya mikataba hiyo kungevuruga mapatano yaliyofikiwa kwa shida. Nchi za visiwa na nchi nyingi zinazoendelea zilijibu kwamba mikataba hiyo haikufuta sheria nyingine. Kanuni ya zamani inayokataza nchi kuachia ardhi yake itumike kuidhuru nchi nyingine bado ipo, na haki za binadamu bado zipo.

Maoni ya mahakama

Maoni ya ushauri yalisomwa tarehe 23 Julai 2025 na Rais wa mahakama, Yuji Iwasawa wa Japani. Majaji wote walikubaliana. Mambo makuu yaliyomo ni haya:

Sheria zinazohusika ni nyingi. Mahakama ilikataa hoja kwamba mikataba ya tabianchi pekee ndiyo inayotumika. Sheria ya desturi ya kimataifa, sheria ya bahari na sheria ya haki za binadamu nazo zinazibana nchi. Kwa kuwa sheria ya desturi inazihusu nchi zote, nchi inayojitoa katika mkataba haibaki bila wajibu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu mwezi Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa kwa mara ya pili katika Makubaliano ya Paris.

Lengo ni nyuzi 1.5. Mahakama ilisema kwamba kuzuia joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya kiwango cha kabla ya mapinduzi ya viwanda ndilo lengo la msingi ambalo nchi zimekubaliana. Mipango ambayo kila nchi huiandaa chini ya Makubaliano ya Paris haiachwi kwa hiari yake tu. Ni lazima ioneshe juhudi za juu kabisa zinazowezekana.

Mafuta, gesi na makaa ya mawe. Nchi isiyochukua hatua zinazofaa inaweza kuwa imetenda kosa la kimataifa. Mahakama ilitaja kama mifano uzalishaji na matumizi ya nishati hizo, utoaji wa leseni za kuzitafuta, na ruzuku zinazotolewa na serikali. Serikali pia ina wajibu wa kudhibiti kampuni binafsi zilizo chini yake.

Fidia. Nchi iliyovunja wajibu inaweza kutakiwa kuacha kosa, kutoa uhakika kwamba halitarudiwa, na kurekebisha madhara, ikiwemo kulipa fidia. Hata hivyo ni lazima uoneshwe uhusiano wa kutosha kati ya kosa na madhara.

Mazingira safi ni haki ya binadamu. Mahakama ilisema kwamba haki ya kuishi katika mazingira safi, yenye afya na endelevu ni ya lazima ili haki nyingine za binadamu zifaidiwe.

Nchi inayozama. Nchi iliyokwisha kuweka mipaka yake ya baharini hailazimiki kuibadilisha kwa sababu ufuo umerudi nyuma. Aidha, nchi ikipoteza moja ya sifa zinazoifanya kuwa nchi, kama vile ardhi, haimaanishi moja kwa moja kwamba imekoma kuwa nchi. Kwa Tuvalu na Kiribati suala hili linahusu pia haki za uvuvi katika maeneo makubwa ya bahari, ambayo ni chanzo kikuu cha mapato ya serikali zao.

Sababu za kufaulu

Kampeni za wanafunzi kuhusu tabianchi ni nyingi, na nyingi hukoma wahusika wanapomaliza masomo. Mambo kadhaa yaliitofautisha hii.

Kwanza, kazi waliyopewa darasani ilikuwa ya kweli. Mhadhiri hakuwaomba waeleze mabadiliko ya tabianchi ni nini, jambo walilolijua tayari, bali aliwataka watafute njia ambayo serikali ingeweza kuifuata. Jibu lao lingeweza kupelekwa wizarani jinsi lilivyo.

Pili, walidai jambo moja tu. Hawakudai kila kitu kuanzia nishati hadi kilimo. Waliomba swali moja liulizwe mahali pamoja. Hilo liliwawezesha mawaziri kuelewa kwa dakika chache walichokuwa wakiombwa, na liliwawezesha vijana wa nchi nyingine kulirudia ombi lilelile bila kulibadilisha.

Tatu, waliifuata serikali badala ya kuipiga vita. Vanuatu ilikuwa na sauti Umoja wa Mataifa, na wanafunzi walikuwa na muda na utafiti. Kila upande ulikosa kile ambacho mwenzake alikuwa nacho.

Nne, shirika liliendelea kupokea watu wapya. Kati ya zoezi la darasani na maoni ya mahakama ilipita miaka sita, muda unaozidi ule wa shahada ya kwanza ya sheria. Waliolianzisha walihitimu na kuanza kazi, na uongozi ukapita kwa wengine.

Tano, chuo chenyewe ni cha nchi nyingi. Wanafunzi waliporudi likizo walirudi katika nchi mbalimbali, na wazo likaenda nao.

Mipaka na ukosoaji

Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu. Hakuna nchi iliyoamriwa kulipa chochote, na mahakama haikuitaja nchi yoyote kuwa mkosaji. Kudai fidia kunahitaji shauri jingine, mbele ya mahakama yenye mamlaka juu ya nchi inayodaiwa, pamoja na ushahidi wa kuunganisha gesijoto za nchi fulani na hasara fulani. Mahakama ilisema uhusiano huo unaweza kuthibitishwa, lakini itabidi uthibitishwe katika kila shauri.

Wapo wanaoona kwamba njia ya mahakama ni ya polepole kupita kiasi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2024, mwaka ambao shauri lilisikilizwa, wastani wa joto la dunia ulikuwa wa juu kwa takriban nyuzi 1.55 kuliko kabla ya mapinduzi ya viwanda. Mwaka mmoja juu ya kiwango hicho haumaanishi kwamba lengo la muda mrefu limeshindikana, lakini unaonesha kwamba muda uliobaki ni mfupi.

Wengine husema kwamba faida ya maoni hayo itaonekana zaidi katika mahakama za ndani ya nchi, ambako majaji huweza kuyarejea wanapoamua mashauri dhidi ya serikali na kampuni, na katika mikutano ya kila mwaka ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ambako nchi maskini sasa zina msingi wa kisheria wa madai yao.

Uhusiano na Afrika

Afrika ilishiriki katika shauri hilo tangu mwanzo. Uganda ilikuwa katika kundi la nchi 18 lililoandaa azimio. Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa kati ya nchi zilizozungumza mbele ya mahakama, na Umoja wa Afrika ulizungumza pia. Miongoni mwa majaji waliotoa maoni walikuwemo Julia Sebutinde wa Uganda, Makamu wa Rais wa mahakama, na Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia.

Swali kama hilo limefika pia Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, wenye makao yake Arusha, Tanzania, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikiwa Arusha, itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi za Afrika katika suala la mabadiliko ya tabianchi. Tofauti na mahakama ya Den Haag, mahakama hiyo inaweza kuombwa maoni na shirika la Kiafrika linalotambuliwa na Umoja wa Afrika, bila kusubiri serikali.

Mahakama nyingine mbili zimetoa maoni juu ya suala hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani, ilisema tarehe 21 Mei 2024 kwamba gesijoto zinazoingia baharini ni uchafuzi ambao nchi zina wajibu wa kuuzuia. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyoko San José, Kosta Rika, ilitangaza maoni yake tarehe 3 Julai 2025 kufuatia ombi la Chile na Kolombia.

Tuzo

Mwaka 2025 PISFCC pamoja na mwanasheria Julian Aguon walitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa nchini Uswidi kila mwaka kwa watu na mashirika yanayoshughulikia matatizo makubwa ya dunia. Mkenya Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwanzilishi wa Harakati ya Ukanda wa Kijani, aliipokea tuzo hiyohiyo mwaka 1984, miaka 20 kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tazama pia

Mabadiliko ya tabianchi
Mahakama ya Kimataifa ya Haki
Makubaliano ya Paris
Vanuatu
Wangari Maathai